Hesabu ya Paa: Bei ya Siku Moja na Bei ya Miaka Ishirini

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika hapa shuleni.)



Kamati imenitaka niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni paa la jengo la maabara. Nimepewa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ukadiriaji wa gharama za majengo ndio unaonipa ugali. Pili, kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka tisa katika jiji la Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, pamoja na mafundi ambao kazi yao ilikuwa moja tu: kubandua mapaa bapa yaliyochoka na kuweka mengine.

Najua wako watakaouliza, mapaa ya nchi ya baridi yanatuhusu nini sisi wa Kigoma, ambao barafu tunaiona kwenye masanduku ya samaki tu? Yanatuhusu, kwa sababu paa letu la maabara ni la ukoo ule ule. Ni bamba la zege lililolala bapa, na maji yakitua juu yake hayana haraka ya kuondoka. Na ziko fedha katika mfuko wa chama ambazo mwaka huu hatuna budi kuamua zifanye nini. Yametolewa mawazo matatu: kuziba nyufa kwa lami kama tulivyozoea, kuweka tabaka jipya la kuzuia maji juu ya zege, au kupaua upya kwa kenchi na mabati juu ya zege lililopo. Nitayapima yote matatu mbele yenu.

Kwanza tujue adui yetu ni mzito kiasi gani. Jengo lile lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 9, yaani mita za mraba 180. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Basi mvua moja kubwa ya milimita 50, ambayo sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tunaijua vizuri, huliteremshia paa lile lita 9,000, yaani tani 9 za maji. Maji hayo yakiondoka katika robo saa, hakuna neno. Yakikaa siku tatu, yanaanza kutafuta njia.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Ugogo na Unyamwezi watu walijenga tembe, nyumba ya paa bapa la miti na udongo. Ugogo mvua ni haba, na tembe lilifaa sana. Wafanyabiashara wa misafara walikuja na ujenzi huo mpaka Ujiji. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 walikaa katika tembe lililokwisha kuchakaa. Lakini Ujiji si Dodoma. Huku kwetu mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka wa kawaida hufika takribani milimita 1,000. Ndiyo maana watu wa nchi hii waliendelea kusimamisha paa lenye mgongo, la nyasi au makuti ya michikichi, likimwaga maji pande zote. Na kila baada ya miaka michache waliezeka upya, jirani akimsaidia jirani, mwenye nyumba akipika. Hakuna aliyeona nyasi kuoza kuwa ni msiba. Paa lilikuwa na umri, na umri wake ulikuwa katika hesabu ya nyumba tangu mwanzo.

Hata Zanzibar, Mji Mkongwe, nyumba nyingi za mawe zilijengwa kwa sakafu bapa za chokaa juu ya boriti za mikoko. Chokaa ile ilitaka kuangaliwa kila mwaka. Baadaye nyingi ya nyumba hizo zilisimamishiwa mabati yenye mteremko juu ya sakafu ile ya zamani. Kwa hiyo wazo la tatu mlilolisikia si uzushi wa kamati yetu. Watu wa mwambao walilifanya zamani, kwa kulazimishwa na mvua.

Sasa niwapeleke kwenye baridi.

Aberdeen wakati wa Desemba mchana hauzidi saa saba hivi. Fundi hupanda juu taa za barabarani zikiwa bado zinawaka, na akishuka zimekwisha kuwashwa tena. Paa bapa la huko, kwa kweli, halitakiwi kuwa bapa. Utaratibu wa Waingereza unataka kila sentimita 80 paa lishuke sentimita 1. Kwa jengo lenye upana kama wa maabara yetu, hiyo ni tofauti ya sentimita 11 hivi kati ya upande wa juu na upande wa chini. Jicho halioni, lakini maji yanaona.

Chini ya mteremko huo yako matabaka. Kuna mbao au zege linalobeba uzito. Juu yake kuna karatasi ya kuzuia mvuke wa ndani ya nyumba usipande, kwa maana mvuke ukikutana na ubaridi hugeuka maji na kuozesha mbao kutoka chini. Kisha huja ubao wa sponji ngumu, mnene kama tofali, wa kuzuia joto lisitoroke. Mwisho kabisa ndipo huja ngozi ya juu: felti ya lami ya matabaka mawili au matatu, au shuka la mpira. Watu wakisema wamebadili paa, wanadhani wamenunua ile ngozi. Kumbe ngozi ni sehemu ndogo ya malipo. Wanalipia jukwaa la kupandia, watu wa kubandua takataka za zamani na lori la kuzipeleka mbali, turubai la kufunika nyumba wakati wa kazi, na sponji, kwa sababu kanuni za huko hazikuruhusu kubandua paa zima na kurudisha lile lile lisilozuia joto. Tena wanalipia siku ambazo kazi imesimama, maana felti haishiki vizuri juu ya paa lenye unyevu au barafu.

Mharibifu mkubwa wa huko ni maji yanayoganda. Maji yakigeuka barafu hutanuka kiasi cha asilimia 9. Tone likiingia katika ufa mdogo kama unywele jioni, usiku huganda na kuupanua ufa; asubuhi huyeyuka, na tone kubwa zaidi huingia. Jambo hilo laweza kurudiwa mara nyingi katika msimu mmoja wa baridi. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyeona doa dogo darini mwezi wa Oktoba, akasema nitashughulikia mwakani, huwa hanunui tena kiraka. Hununua paa.

Nitawapa mfano mmoja mkubwa, ambao magazeti ya dunia yaliuandika. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1990, Waingereza walijenga shule, hospitali na nyumba nyingi kwa kutumia mabamba ya zege jepesi lenye mapovu ya hewa ndani, na mengi yalitumika kwenye mapaa bapa. Yalikuwa rahisi na ya haraka. Baadaye wataalamu walisema umri wake ni kama miaka 30. Miaka 30 ikapita, majengo yakaendelea kutumika. Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi katika jimbo la Kent lilianguka. Kwa bahati ilikuwa mwisho wa juma, watoto hawakuwamo. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kufunguliwa, shule zaidi ya 100 za Uingereza ziliambiwa zifunge vyumba vyenye mapaa ya namna hiyo. Watoto wengine walisomea kwenye mahema na vyumba vya kubebwa kwa lori. Na huko Aberdeen, katika mtaa wa Torry, nyumba zaidi ya 500 zilionekana zina mabamba hayo. Agosti 2024 baraza la jiji liliamua zibomolewe.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Uingereza si nchi maskini, wala haina upungufu wa wahandisi. Kilichokosekana ni kitu kimoja: mtu wa kuandika katika daftari kwamba paa hili litakufa mwaka fulani, na kuanza kuweka fedha kabla ya mwaka huo. Paa lisilo na tarehe ya kufa katika daftari hufa siku lipendayo lenyewe.

Turudi kwetu. Hapa hatuna barafu ya kupasua zege, lakini wapasuaji tunao wawili. Wa kwanza ni jua. Kuanzia Juni mpaka Septemba paa huungua mchana na kupoa usiku. Zege hutanuka na kusinyaa, na lami iliyopakwa juu hukauka na kupasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Wa pili ni kutu. Maji yakipita katika nyufa zile na kuzifikia nondo, chuma huota kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Nafasi hiyo itatoka wapi? Hulisukuma zege, nalo hubanduka na kudondoka vipande. Kutu inafanya polepole kazi ile ile ambayo barafu inaifanya usiku mmoja. Wanaosoma Kidato cha Tatu hapa wamekwisha kuona nondo zilizochungulia juu ya meza ya tatu ya maabara. Sisemi hayo kumlaumu mtu yeyote. Paa limetumika zaidi ya miaka 40, na limetimiza wajibu wake.

Sasa mawazo yetu matatu. Nitatumia hesabu za mfano, ili tuone njia ya kufikiri. Bei kamili zitatoka kwa wakandarasi baada ya kupima.

Tuseme kuziba nyufa kwa lami ni shilingi 1,500,000 kila mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi 30,000,000.

Tuseme tabaka jipya la kuzuia maji, pamoja na sakafu ya mchanga na saruji ya kutengeneza mteremko, ni shilingi 14,000,000. Kwa jua la Kigoma tusitegemee zaidi ya miaka 10, kwa hiyo ni mara mbili, shilingi 28,000,000. Ongeza matunzo ya shilingi 400,000 kwa mwaka, yaani 8,000,000. Jumla 36,000,000.

Tuseme kupaua kwa kenchi na mabati ni shilingi 24,000,000 kwa mara moja, na matunzo yale yale ya 8,000,000. Jumla 32,000,000.

Mwenye macho ya haraka atasema: basi lami ndiyo rahisi, inaokoa milioni mbili. Nami ningekubali, kama hesabu ya paa ingekuwa ni ya fedha zinazotoka mfukoni tu. Lakini mwisho wa miaka 20 ya lami tutakuwa na nini? Tutakuwa na zege lile lile, nondo zimeliwa zaidi, na gharama ya kubomoa ikitungoja. Mwisho wa miaka 20 ya mabati mazuri tutakuwa na paa ambalo bado linaweza kufanya kazi, na zege lililokaa kavu chini yake.

Wazo la pili lina tatizo jingine, nalo ni uzito. Sakafu ya mteremko ya wastani wa sentimita 5 juu ya mita za mraba 180 ni mita za ujazo 9 za mchanga na saruji. Hizo ni kama tani 19. Kulitwisha zege lenye nondo za kutu tani 19 ni sawa na kumtwisha mgonjwa gunia. Kenchi za mbao na mabati kwa jengo zima ni kama tani 4 au 5, na uzito wake tunaweza kuupeleka kwenye kuta badala ya kuuweka katikati ya zege.

Iko na gharama isiyo na risiti. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa Novemba. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba. Maana yake mtahiniwa wetu anaingia kwenye mtihani wa vitendo wa kemia, kipimo kimoja mkononi, ndoo ya kukinga maji miguuni. Darubini zinaota ukungu. Vitabu vya stoo vinagandamana. Mwalimu, kwa kuogopa umeme na maji kukutana, anafundisha somo la vitendo ubaoni kwa chaki. Kijana aliyejifunza kuchanganya dawa kwa kuchora chupa ubaoni, tumempunguzia kiasi gani cha maisha yake? Mimi ni mkadiriaji, lakini hiyo siwezi kuikadiria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tupaue. Lakini tupaue kwa masharti.

Kwanza, mhandisi alipime zege kabla ya fundi hajapigilia msumari hata mmoja. Palipobanduka nondo zisafishwe na kuzibwa. Mabati hayaponyi zege, yanalikinga tu. Mhandisi akisema sehemu fulani haifai kukaa juu ya vichwa vya watoto, ibomolewe, hata kama itakula fedha za rangi na za sherehe.

Pili, tusidanganywe na bei ya bati. Geji ya namba kubwa ni bati jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Tununue geji 28. Mbao zitiwe dawa ya mchwa. Kenchi zifungwe kwenye kuta kwa mikanda ya chuma, kwa maana upepo wa ziwa ukiingia chini ya bati hauombi ruhusa. Nalo zege la zamani libaki kama dari. Litapunguza joto, na litamezesha kelele za mvua, ili mwalimu asikike.

Tatu, maji tuyafanye mali. Mita za mraba 180 na milimita 1,000 za mvua ni lita 180,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 144,000 za kujaza matangi ya maabara na bustani. Paa lililokuwa linatuletea hasara litatulipa kidogo kidogo.

Nne, kazi ifanywe kati ya Juni na Septemba. Tukichelewa mpaka Oktoba, tutakuwa kama mafundi wa Aberdeen wakati wa Desemba, tunalipa watu kutazama mawingu.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: tufungue mfuko wa paa, mbali na mfuko wa chama. Kila mwaka ziingie fedha za matunzo na kiasi cha kujiandaa kwa paa lijalo. Tukigawa 24,000,000 kwa miaka 25, ni shilingi 960,000 kwa mwaka. Chama chenye wanachama 200 kinamtaka kila mmoja shilingi 4,800. Hiyo si bei ya kutushinda. Ninajua kuwa mchango wa geti jipya unapendeza zaidi, kwa sababu geti huandikwa jina na hupigwa picha. Mfuko wa paa haupigwi picha. Lakini mvua haiingii kupitia getini.

Ninyi vijana nanyi mnalo fungu lenu. Kila mwaka kabla ya mvua, kidato kimoja kikishirikiana na mwalimu kisimamie mifereji isafishwe majani ya miembe, na kiandike katika daftari la paa: tarehe, msumari uliolegea, doa lililoonekana. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko hotuba yangu.

Mkitaka kuona faida ya matunzo, teremkeni bandarini mkaulize habari za Liemba. Meli ile Wajerumani waliiunganishia hapa hapa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikiitwa Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya mwambao huu kwa vizazi kadhaa. Watu waliokuwa wakishindwa vita, na ambao hawakuwa na hakika ya kuiona meli hiyo tena, walipata muda wa kupaka grisi. Na wavuvi wa Kibirizi na Katonga, ambao hawakusoma ukadiriaji, hutia kalafati mitumbwi yao kabla haijavuja, kwa sababu wanajua mahali mtumbwi unapovujia ni katikati ya ziwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu upige kura leo juu ya mambo mawili: mhandisi aitwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, na mfuko wa paa ufunguliwe. Mengine yatafuata baada ya vipimo. Mimi nitafanya kazi ya makadirio bila malipo, na daftari la hesabu litakuwa wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulikagua.